Meja Armstrong: Jamaa aliyetupa FM akafa kabla ya kula matunda yake

Ukipanda matatu ya kuelekea Eldoret pale stejini Nakuru, ukabahatika kupata kiti cha mbele kando ya dereva, hebu tupia jicho redio ya gari. Mahali ambapo zamani ungeona namba tupu, siku hizi kioo kidogo kinaandika jina la stesheni. Wakati mwingine jina la wimbo au namba ya kupiga studioni inapita mbio kwenye kioo hicho. Mkifika Salgaa sauti ingali safi. Mkianza kuparamia Mau Summit, inakwaruza na kutaka kupotea. Kisha, kama redio ni janja na stesheni imejipanga, sauti inarudi yenyewe kwenye namba nyingine, jina lile lile, mtangazaji yule yule. Dereva hajagusa kitu.

Wengi wetu hatuulizi haya mambo yametoka wapi. Redio ni redio, si ndiyo? Lakini nyuma ya herufi hizo mbili, FM, kuna mtu. Anaitwa Edwin Howard Armstrong. Si yule Armstrong wa mwezini wala yule wa tarumbeta. Huyu wetu alikuwa mhandisi, na karibu kila redio uliyowahi kuishika ina kitu kilichotoka kichwani mwake. Ajabu ni kwamba alikufa akiamini ameshindwa.

Mvulana wa mlingoti

Armstrong alizaliwa Desemba 18, 1890, jijini New York, Marekani. Babake alifanya kazi katika tawi la Marekani la kampuni ya vitabu ya Oxford University Press, na mamake aliwahi kuwa mwalimu. Akiwa na miaka minane hivi aliugua maradhi ya neva. Alikaa nje ya shule kwa takriban miaka miwili, na hata alipopona, shingo na bega viliendelea kumtetemeka kila alipopata msisimko. Alibaki na hali hiyo hadi mwisho wa maisha yake.

Familia ilihamia mji wa Yonkers, katika nyumba inayotazama Mto Hudson. Hapo ndipo kijana alipopata ugonjwa wa pili, ambao haukuwa na dawa: redio. Akiwa na miaka 14 alikuwa amesoma habari za Guglielmo Marconi, Mwitaliano aliyetuma ishara bila waya kuvuka Bahari ya Atlantiki, na akaamua kwamba naye atakuwa mvumbuzi. Chumba chake cha darini kikajaa nyaya na koili. Ishara za mbali zilikuwa dhaifu mno, kwa hivyo akajenga mlingoti uani, urefu wa futi 125, yaani karibu mita 38. Alikuwa akijivuta hadi kileleni kwa kamba, peke yake, majirani wakimtazama kwa hofu. Kupenda milingoti mirefu hakukumtoka kamwe.

Mwaka wa 1909 alijiunga na Chuo Kikuu cha Columbia kusomea uhandisi wa umeme, akisafiri kutoka Yonkers kwa pikipiki yake nyekundu. Alikuwa mwanafunzi msumbufu wa aina fulani: hakuamini kitu kwa sababu tu profesa amesema. Lazima akipime mwenyewe.

Uvumbuzi bila pesa ya kuusajili

Wakati huo kulikuwa na valvu ya umeme iliyoitwa audion, iliyobuniwa mwaka wa 1906 na Lee de Forest. Ilisaidia kidogo kunasa ishara, lakini hakuna aliyeielewa vizuri, hata mwenyewe aliyeibuni. Armstrong aliipima kwa miezi mingi. Mwaka wa 1912 akajaribu jambo ambalo likielezwa leo linaonekana rahisi: alichukua ishara iliyokuwa ikitoka kwenye valvu, akairudisha tena mwanzoni ili ikuzwe upya, tena na tena. Sauti iliyokuwa kama mnong’ono ikajaa chumba. Akizidisha kidogo, valvu hiyo hiyo iligeuka na kuanza kuzalisha mawimbi yake yenyewe. Yaani kifaa kimoja kinapokea, na pia kinaweza kuwa mtambo wa kurusha. Alikuwa na miaka 21.

Sasa hapa vijana sikilizeni vizuri. Armstrong alimwendea babake kuomba pesa za kusajili hataza, ile haki ya kisheria inayosema uvumbuzi huu ni wako. Mzee akakataa, akamtaka amalize digrii kwanza. Kijana akafanya alichoweza: alichora mchoro wa mtambo wake na kuupeleka upigwe muhuri wa mthibitishaji mnamo Januari 31, 1913. Ombi lenyewe la hataza liliwasilishwa Oktoba mwaka huo.

Ucheleweshaji huo ulimgharimu. De Forest naye alijitokeza kudai kwamba alikuwa amegundua jambo hilo mapema zaidi. Kesi ikazunguka mahakamani kwa miaka na mikaka, leo huyu anashinda, kesho yule, hadi mwaka wa 1934 ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi de Forest. Wahandisi wengi waliona majaji hawakuelewa sayansi iliyokuwa mbele yao. Armstrong aliinuka katika mkutano wa chama cha wahandisi wa redio, tayari kurudisha nishani waliyomtunuku zamani kwa uvumbuzi huo. Chama kikakataa kuipokea, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Kwa wenzake, mwenye mali alijulikana.

Vita, pesa na harusi

Tumeruka mbele kidogo, turudi. Marekani ilipoingia kwenye Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Armstrong alijiunga na kikosi cha mawasiliano cha jeshi na kutumwa Paris, Ufaransa. Huko ndiko alikopanda cheo na kuwa meja, jina lililomganda maisha yake yote. Huko pia, mwaka wa 1918, alibuni mtambo uitwao superheterodini. Jina lisikutishe. Wazo ni hili: badala ya redio kuhangaika kukuza kila masafa yanayoingia, inayageuza yote kuwa masafa mamoja ya kati, kisha inayakuza hayo kwa ustadi. Katika redio za kawaida za FM masafa hayo ya kati ni megahazi 10.7. Wazo hilo ndilo lililotawala redio za dunia kwa karne nzima, na linaishi hata ndani ya simu.

Pesa zikaja. Mwaka wa 1920 kampuni ya Westinghouse ilinunua haki za uvumbuzi wake kwa dola 335,000. Miaka miwili baadaye aliliuzia shirika la RCA uvumbuzi mwingine na kulipwa kwa hisa nyingi kiasi cha kumfanya awe mmoja wa wenye hisa wakubwa wa shirika hilo.

RCA iliendeshwa na David Sarnoff, na hapa ndipo hadithi inapouma. Sarnoff na Armstrong walikuwa marafiki. Januari 1914 walikesha pamoja kwenye kibanda chenye baridi kali huko Belmar, New Jersey, wakinasa ishara kutoka ng’ambo ya bahari kwa mtambo wa Armstrong. Isitoshe, Armstrong alimpenda karani wa Sarnoff, Marion MacInnis. Ili kumvutia, alipanda mnara wa RCA juu ya jengo refu jijini New York, akapigwa picha akiwa kileleni. Sarnoff alikasirika. Marion alikubali kuolewa. Walifunga ndoa Desemba 1923, na zawadi ya bwana harusi ilikuwa redio ya kubebeka ya superheterodini. Hebu fikiria: wenzake wanatoa pete, yeye anatoa pete na redio.

Kuua kelele

Tatizo kubwa la redio siku hizo lilikuwa kelele. Mtu yeyote aliyewahi kusikiliza AM Nakuru jioni ya mvua za masika anajua: radi ikipiga upande wa Menengai, redio nayo inapiga. Hiyo ni kwa sababu AM hubeba sauti kwa kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi. Radi nayo, nyaya za stima nazo, hata pikipiki inayopita, vyote huvuruga nguvu hiyo hiyo. Redio haiwezi kutofautisha mtangazaji na radi.

Sarnoff alitamani kifaa kidogo cha kuondoa kelele hizo. Armstrong alitumia karibu miaka kumi, akagundua kwamba kifaa hicho hakipo. Dawa ilikuwa kubadilisha mfumo mzima. Acha nguvu ya wimbi ibaki pale pale, alifikiri, ila ubadilishe kasi ya mitetemo yake: sauti ikipanda inakuwa haraka zaidi, ikishuka inakuwa polepole. Halafu mpokeaji apuuze kabisa mabadiliko ya nguvu. Radi ije, ikose pa kushika. Hiyo ndiyo FM.

Wataalamu walikuwa wameshalikataa wazo hilo. Mwaka wa 1922 mwanahisabati John Carson alionyesha kwamba FM inayobanwa kwenye njia nyembamba haina faida yoyote. Hesabu zake zilikuwa sawa. Armstrong akafanya kinyume: akaipanua njia, akaipa nafasi kubwa kuliko ambayo mtu yeyote angethubutu, na kelele zikatoweka. Desemba 26, 1933, alipewa hataza za mfumo huo.

Majaribio makubwa yalianza mwaka wa 1934 kutoka jengo la Empire State jijini New York. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa kuwa njia ilikuwa pana, Armstrong alionyesha kwamba wimbi moja la FM linaweza kubeba vitu kadhaa kwa wakati mmoja: vipindi viwili vya redio, ujumbe wa telegrafu, na hata picha ya ukurasa wa gazeti kwa faksi. Yaani miaka 90 iliyopita, jamaa alikuwa tayari anatuma maandishi ndani ya redio ya FM.

Novemba 5, 1935, aliwaonyesha wahandisi wenzake hadharani. Spika ilikuwa kimya kiasi kwamba watu walidhani imezimwa. Kisha ikasikika sauti ya maji yakimiminwa kwenye glasi na ya karatasi ikichanwa, vyote kutoka Yonkers, kilomita nyingi kutoka ukumbini. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia redio ya namna hiyo.

Namba zinahamishwa

Ungedhani RCA wangeruka kwa furaha. Wapi. Shirika lilikuwa limewekeza pesa nyingi kwenye AM, na sasa lilitaka kuingia kwenye televisheni. Mwaka wa 1935 Armstrong aliambiwa aondoe mitambo yake Empire State. Hakuzozana. Alienda kilima cha Alpine, New Jersey, akajenga kituo chake mwenyewe chenye mnara wa zaidi ya futi 400, kwa zaidi ya dola 300,000 za mfukoni mwake. Kufikia mwaka wa 1940 serikali ilikuwa imeipa FM nafasi yake hewani, kati ya megahazi 42 na 50, na Januari 1941 utangazaji wa kibiashara ukaanza. RCA ikaja na ofa ya dola milioni moja ili itumie FM bila kulipa mrabaha. Kampuni nyingine zilikuwa zinalipa mrabaha kwa kila redio waliyouza, kwa hivyo Armstrong aliona si haki mkubwa apunguziwe. Akakataa.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, aliliruhusu jeshi la Marekani kutumia hataza zake bure. Halafu mwaka wa 1945 likaja pigo. Tume ya serikali ya mawasiliano iliamua kuihamisha FM kutoka nafasi yake ya zamani hadi megahazi 88 kwenda juu, karibu hadi 108, ikidai kwamba huko chini mawimbi yangeingiliana. Kwa uamuzi mmoja, laki kadhaa za redio za FM zilizokuwa majumbani mwa watu zikageuka kuwa mapambo. Stesheni nazo zikalazimika kununua mitambo mipya.

Kama umewahi kununua gari la mtumba kutoka Japani unaielewa hali hiyo vizuri. Japani FM yao huanzia 76, na redio nyingi za magari hayo zilikomea 90. Unafika Nakuru na gari lako, unatafuta stesheni unayoipenda iliyo juu ya 100, redio haifiki huko. Unatafuta fundi akuwekee kifaa cha kushusha masafa, na hata akishakuweka, namba kwenye kioo si namba halisi. Sasa fikiria hayo yakifanywa na serikali yako mwenyewe, kwa redio uliyoinunua jana, na wewe ndiye uliyeivumbua.

Kejeli ya historia ni kwamba namba hizo zilizomuumiza ndizo tunazozitumia sisi leo. Mpango uliokubaliwa Geneva mwaka wa 1984 uliziweka nchi zetu kwenye megahazi 87.5 hadi 108. Kila unapozungusha redio kati ya 88 na 108, unazungusha juu ya kidonda cha Armstrong.

Usiku wa Januari

RCA ikatengeneza redio na televisheni zenye sauti ya FM, ikidai imebuni mfumo wake yenyewe. Mwaka wa 1948 Armstrong aliishtaki. Mawakili wa upande wa pili walimhoji siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Hataza zake za msingi ziliisha muda mwaka wa 1950, mrabaha ukakauka, lakini ada za mawakili hazikukauka. Hata hivyo hakuacha maabara. Mwaka wa 1953, akishirikiana na msaidizi wake wa Columbia, John Bose, alitangaza maendeleo mapya katika ile kazi ya kubebesha wimbi moja la FM mizigo kadhaa.

Nyumbani mambo yalikuwa yameharibika. Pesa ziliisha, hasira zikapanda. Novemba 1953 aligombana na Marion, akamjeruhi mkono, na mke wake wa miaka 30 akaondoka kwenda kwa dadake. Mtu asiyeogopa kilele cha mnara wowote alibaki peke yake na madeni, kesi na majuto. Usiku wa Januari 31, 1954, miaka 40 baada ya kukesha na Sarnoff kibandani Belmar, Armstrong alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 63.

Inauma zaidi ukijua kilichofuata. Kabla mwaka huo kuisha, RCA ililipa zaidi kidogo ya dola milioni moja kumaliza kesi. Ni kama kiasi kile kile alichokikataa mwaka wa 1940. Marion hakukomea hapo. Alizifuata kampuni nyingine moja baada ya nyingine, na ya mwisho, Motorola, ilishindwa kabisa mwaka wa 1967. Mumewe alikuwa na haki muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kumshika mkono usiku ule. Kama nawe umelemewa, usibaki kimya: ongea na mtu unayemwamini, au piga 1199, laini ya bure ya ushauri ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Kilichobaki kwenye redio yako

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wasikilizaji wa FM Marekani waliwapita wa AM. Kenya ilisubiri zaidi: stesheni binafsi kama Capital FM zilianza kusikika Nairobi mwaka wa 1996, kisha zikaja za lugha zetu, kama Kameme, Inooro na Kass, na Bonde la Ufa nalo likajaa sauti.

Na yale maandishi kwenye kioo? Yanaitwa RDS. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulitoa kanuni zake mwaka wa 1984. Ndani ya wimbi la stesheni, juu ya sauti unayosikia, kuna mlio wa kilohazi 57 usiosikika na sikio, unaobeba takriban biti 1,187 kwa sekunde. Ni kidogo sana ukilinganisha na bando lako, lakini hauhitaji bando. Ni wazo lile lile la Empire State mwaka wa 1934: njia ikiwa pana, kuna nafasi ya abiria wa ziada.

Jinsi ya kuitumia ni rahisi. Jina la stesheni lina nafasi ya herufi nane tu, pamoja na pengo. Kass FM inaingia, Inooro FM inazidi kwa moja, kwa hivyo usishangae majina yakikatwa au yakitembea. Bonyeza kitufe cha DISP kwenye redio nyingi za gari uone maandishi marefu, hadi herufi 64. Kitufe cha muhimu zaidi kwa msafiri ni AF. FM husafiri karibu mstari ulionyooka, haipindi vizuri nyuma ya milima, na kuta za Bonde la Ufa hazina huruma. Ndiyo maana stesheni moja hutumia namba moja Nairobi, nyingine Nakuru, nyingine Eldoret. Ukiwasha AF, na kama stesheni inatuma orodha ya namba zake, redio itahama yenyewe ukivuka kutoka eneo moja hadi jingine. Ukiona redio yako inarukaruka ovyo milimani, izime AF. Na TA ikiwashwa, redio inaweza kukatiza muziki wako kukupa taarifa za barabara, pale stesheni inapotoa huduma hiyo. Hata simu yako, kama ina redio ya FM, chomeka visikizi vyenye waya, maana waya ndiyo antena, uone kama jina litajiandika.

Na kama wewe ni fundi mchanga pale Nakuru, una kitu umekibuni na unasubiri kwanza upate kazi, umalize chuo, mzee akubali, kumbuka lile ombi la hataza lililochelewa mwaka wa 1913. Kenya tuna taasisi ya kusajili uvumbuzi, KIPI, na hataza ikitolewa hudumu miaka 20. Nenda uulize mapema.

Mnara wa Alpine bado umesimama. Baada ya majengo pacha ya New York kuanguka Septemba 2001 na mitambo ya televisheni iliyokuwa juu yake, baadhi ya stesheni zilikimbilia mnara huo ili zirudi hewani. Mzee alikuwa ameujenga imara.